Aliyebaki na Zebaki

Hakujua kusema polepole. Miaka mingi ya kuishi pembeni mwa mashine inayosaga mawe ilikuwa imempa sauti ya mtu anayemwita jirani ng'ambo ya bonde, na sauti hiyo hakuiacha kazini. Alisalimia nayo, alibembeleza watoto nayo, na akitaka kumsengenya mtu alikuvuta kando, akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akapiga kelele za siri ambazo msengenywaji mwenyewe alizisikia akiwa dukani. "Nakuambia wewe tu," alikuwa akisema, na mtaa mzima ukajua.

Tulimwita Mama Karasha. Karasha ni hiyo mashine: pipa kubwa la chuma lenye magololi mazito ndani yake, linalozungushwa na injini ya dizeli mpaka mawe yenye dhahabu yanakuwa unga. Wachimbaji wadogo wengi wa Chunya hawana karasha zao. Wanaleta mawe kwenye viroba, wanasagiwa kwa malipo, unga unaoshwa, na kile kinachobaki kinachanganywa na zebaki ili inase chembe za dhahabu. Yeye alikuwa na karasha moja, uani kwake, nje kidogo ya mji, na kundi la wanawake waliomfanyia kazi ya kuponda mawe kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye pipa. Jina alilopewa na wazazi wake nililiona kwenye karatasi za leseni tu. Siku nilipolitamka kwa heshima zote, aligeuka nyuma kuangalia namwita nani.

Mimi nilikuwa mkaguzi. Shirika dogo lenye ofisi Mbeya mjini lilikuwa limeniajiri nizunguke kwenye machimbo na makarasha ya Chunya nikiangalia kama yanafuata masharti. Masharti yenyewe yalitoka mbali. Kampuni zinazotengeneza simu na kompyuta zilikuwa zimebanwa na wateja wao: dhahabu iliyo ndani ya vifaa vyenu imetoka wapi, imechimbwa na nani, imemwaga sumu kwenye kijito cha nani? Kampuni zikawabana wanaoziuzia vipuri, wenye vipuri wakawabana wasafishaji wa dhahabu, wasafishaji wakawabana wanunuzi, na wanunuzi wakatuleta sisi. Aliyefuata masharti alimwuzia mnunuzi mwenye bei nzuri kuliko wote. Asiyefuata alirudi kwa madalali.

Siku ya kwanza nilimweleza Mama Karasha msururu huo nikiuchora mavumbini kwa kijiti, duara baada ya duara. Akaangalia mchoro, akaweka kidole gumba cha mguu kwenye duara la mwisho.

"Mimi niko hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na nyuma yangu?"

"Nyuma yako hakuna mtu."

Akawatazama wanawake waliokuwa wakiponda mawe upande wa pili wa ua. "Hukuchora vizuri," akasema. "Nyuma yangu wapo hawa."

Kisha akaomba simu yangu. Yeye alikuwa na kisimu cha kitochi kilichofungwa kwa mpira ili betri isichomoke, na alikitunza kwenye pindo la khanga. Akaipokea simu yangu, akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima nazi.

"Dhahabu yangu iko wapi humu?"

"Ni kidogo sana, mama. Huwezi kuiona kwa macho."

"Kidogo hata kuonekana haionekani," akawaambia wanawake kwa sauti yake ile, "na ndiyo imemtoa huyu mtoto Iringa kwenye baridi yake, na sweta lake, kuja kutusumbua!"

Ni kweli nilikuwa nimevaa sweta. Ukitoka Mbeya asubuhi unapanda mlima na ukungu, unateremka upande wa pili kwenye joto na vumbi, na mimi mtu wa Kihesa, Iringa, nilikuwa sijajifunza kuvua mapema. Wanawake walicheka mpaka wakaweka nyundo chini. Tangu siku hiyo akaniita Kiwango, neno nisiloacha kulitaja. "Kiwango amekuja! Vaeni glovu!" Na glovu zilivaliwa mbele ya macho yangu bila aibu, zikitolewa kwenye kamba ya nguo zilikoanikwa safi kabisa, kama nepi za mtoto.

Katika mambo madogo alikuwa mbahili wa kutisha. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi, vipande vyembamba hivi kwamba ukiinua kimoja juani ungedhani kitapitisha mwanga. Ukimaliza kipande chako kabla ya wiki kwisha alikuuliza unaosha nini. Lakini mtoto wa mmoja wa wanawake wake alipopata degedege, Mama Karasha alisimamisha injini katikati ya kazi, akakodi gari la mtu aliyekuwa amekuja kununua tumbaku, akampeleka mtoto mpaka Mbeya na kukaa naye wodini. Kesho yake alirudi, akaiwasha injini, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa: "Nani kaacha sabuni majini?"

Alichukia ulevi. Mlevi hakukanyaga uani kwake. Hata hivyo palikuwa na mzee mmoja aliyelala na kuamka kilabuni, na kila mchana sahani ya ugali na mboga ilitoka kwa Mama Karasha kwenda kwa mzee huyo, pamoja na ujumbe wa matusi. Aliyeipeleka sahani alitakiwa kuufikisha ujumbe wote, bila kupunguza neno.

Usalama wa mashine aliujua kabla sisi hatujafika. Mkanda unaozungusha pipa ulikuwa wazi zamani, na hapo ndipo penye kunasa nguo na vidole. Aliuzungushia wavu wa chuma, na mwanamke aliyesogea karibu na khanga inayopepea alipigiwa kelele, "Mkanda haujui shemeji!" Maana yake, mashine haimwonei mtu haya. Lakini masharti mengine yalimkera, na hakuficha. Tulipomletea sanduku la malalamiko, sanduku la mbao lenye kufuli ili mfanyakazi aandike shida yake bila kujulikana, alilizunguka kama ng'ombe anayenusa kitu kigeni.

"Mtu ana mdomo, mimi nina masikio. Sanduku la nini?"

"Pengine anakuogopa, mama."

"Ananiogopa mimi?" akapaza sauti, na nyundo zote zikanyamaza.

Akalipigilia ukutani. Kwa muda mrefu halikupata kitu. Kisha ikaingia karatasi moja tu, ikisema chai ya saa nne haina sukari. Asubuhi alisimama mbele ya wote akiwa na kopo la sukari, akatangaza kwamba asiyejulikana aje kuchota. Hakuna aliyekwenda, lakini chai ikawa tamu kuanzia siku hiyo, na nikaona amelifuta sanduku vumbi.

Ugomvi wetu mkubwa wa mwanzo ulihusu watoto. Sharti lilikuwa wazi: mtoto asionekane ndani ya eneo la kazi. Wanawake walikuja na watoto wachanga mgongoni kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kuwaachia, na watoto walilala kwenye maturubai katikati ya vumbi la mawe. Mama Karasha alijenga kibanda cha mabati, akamweka humo bibi mmoja ambaye mgongo wake ulikuwa umeshindwa kuponda mawe, awe mlezi. Nikapima, nikamwambia kibanda kiko ndani ya uzio. Akaniitikia vizuri sana. Niliporudi, kibanda kilikuwa pale pale na uzio ulikuwa umehama. Alikuwa amevuta nguzo na waya, akaupinda uzio kama kiwiko ili kibanda kibaki nje.

"Si umesema nje?" akasema. "Kiko nje."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na Sekela akacheka kuliko mimi. Sekela alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa, mwepesi wa nyundo na wa maneno, ambaye wenzake walimsikiliza. Lakini wiki iliyofuata Mama Karasha mwenyewe alikaa kwenye kibanda kile nusu siku akiangalia vumbi linavyotua kwenye nyuso za watoto. Hakunieleza kitu. Nilikuta tu kibanda kimehamishiwa nje, upande ambako upepo unatokea, mbali na pipa, na uzio umerudi kwenye mstari wake.

Ndivyo alivyokuwa. Alikubishia mchana kutwa, na jambo likimwingia alilifanya kwa njia yake, bila kukupa raha ya kujua kwamba amekubali. Na njia yake hiyo ndiyo iliyotuponza katika habari ya zebaki.

Semina ya zebaki niliifanya mimi, uani kwake, wanawake wakiwa wamekaa kwenye viroba na injini imezimwa. Yeye alikaa nyuma, akinung'unika kuhusu muda unaopotea. Nikaeleza: mkishachanganya zebaki na unga mnakamua kwenye kitambaa, mnapata kidonge cheupe. Mkikichoma kidonge hicho wazi, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Inayopaa hamuioni, haina harufu, mnaivuta. Inaingia kwenye figo na kwenye mishipa ya fahamu, inatetemesha mikono. Na mwanamke mwenye mimba akiivuta inapita mpaka kwa mtoto.

Sekela akainua mkono. "Hata kama mimba ni changa, mwenyewe hujajua?"

"Hata hapo, dada."

Kule nyuma manung'uniko yalikuwa yamekoma. Nilipomaliza niliwakabidhi chungu cha chuma chenye mfuniko unaokazwa kwa skrubu na bomba linalorudisha zebaki kwenye maji, ili kidonge kichomwe humo na hewa isiharibike. Mama Karasha alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu. Adabu ile haikuwa kawaida yake.

Kila nilipokuja chungu kilikuwepo mahali pake, kisafi, kinang'aa. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani nilipokitazama vizuri na kujiuliza ni chungu gani kinachokaa motoni kila siku na bado kinang'aa hivyo. Nikarudi baada ya Idi bila kutoa taarifa.

Niliwakuta wanawake wote nje ya lango. Mashine ilikuwa imezimwa. Wengine walikuwa wakisukana, bibi mlezi alikuwa nao pamoja na watoto, na wote walikuwa wamekaa upande ambako upepo unatokea.

"Mbona mko nje?"

Walitazamana. Sekela ndiye aliyejibu, tena akiangalia chini. "Mama anachoma. Akichoma hataki mtu ndani."

Nikaingia. Nyuma ya kizuizi cha mabati, Mama Karasha alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, amejifunga khanga mbichi puani na mdomoni, na juu ya moto alikuwa ameweka kikarai kidogo chenye kidonge cheupe kilichoanza kugeuka manjano. Wachimbaji wawili, wenye dhahabu hiyo, walikuwa wamesimama mbali wakichungulia penye pengo la bati, macho hayabanduki.

"Mama!"

"Simama hapo hapo!" akapiga kelele ndani ya khanga. "Usisogee! Wewe bado hujazaa."

Nikasimama. Akamaliza. Akamwaga maji kwenye mkaa, akawapa wale wawili dhahabu yao wakaipime, akaja nilipokuwa, akijifungua khanga. Ndipo nikaiona mikono yake kwa karibu. Alikuwa mwanamke wa kujipenda, na kila Idi alijichora hina mwenyewe, mistari myembamba isiyokosea, hata wanawake walimwomba awachore. Safari hii mistari ilikuwa imekatikakatika na kupanda juu ya mingine, kama maandishi ya mtu anayeandika ndani ya gari. Akaona ninapoangalia, akaificha chini ya khanga.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu uliposema."

"Nilisema msichome wazi!"

"Ulisema inaingia kwa mtoto tumboni. Zamani walikuwa wakichoma hawa, kwa zamu. Nikawaondoa wote. Mimi nimeshamaliza kuzaa. Hawa bado."

"Nilisema pia figo. Nilisema mikono."

"Nilisikia. Mimi si kiziwi, nina kelele tu."

"Na chungu?"

Akawaelekezea kidevu wale wachimbaji. "Wenye mawe hawakitaki. Wanasema dhahabu ikiingia gizani inatoka imepungua, watasema nimewaibia. Wakiondoka hapa wanakwenda kwenye karasha ya kule chini, na kule wanachomeshwa wasichana. Na mimi nikifunga, hawa wangu watakwenda kuponda kule kule. Sasa niambie wewe uliyesoma masharti yote: achome nani?"

Nililia, na kulia kwangu kulimuudhi. Akanipa pindo la khanga nijifute, kisha akakumbuka ni ile aliyojifungia puani, akaninyang'anya haraka, akaniita mjinga.

"Mama, itabidi niandike," nikasema baadaye, tulipokuwa tumetoka nje ya lango.

"Andika."

"Wataacha kununua kwako."

"Najua. Andika hivyo hivyo. Ukinificha mimi kwa sababu unanipenda, kesho utamficha na yule wa kule chini kwa sababu amekupa soda."

Niliandika. Mnunuzi akasimamisha kununua, na Mama Karasha na wateja wake wakarudi kwa madalali. Wanawake waliniwakia. Nilipofika tena hakuna aliyepiga kelele za kuvaa glovu. Sekela alikuja mpaka mlangoni mwa gari.

"Dada, umekula hapa. Umekunywa chai yetu. Halafu umetuchoma sisi badala ya zebaki."

Kabla sijafungua mdomo Mama Karasha alikuwa amefika. "Mwacheni! Kazi yake ni kuona. Mlitaka waje vipofu?" Kisha akanigeukia, bado kwa sauti ile ile: "Na wewe usisimame hapo kama mfiwa. Umeona, umeandika. Sasa tufanyeje?"

Ofisini kwetu palikuwa na waliosema tumwondoe kabisa, tutafute karasha nyingine iliyo safi. Mkubwa wangu aliposikia nimeomba muda alishusha pumzi, lakini alinipa. Na jibu halikutoka kwangu. Siku moja Mama Karasha aliwakalisha wateja wake wabishi, mmojawapo akiwa yule aliyekuwa akichungulia penye pengo la bati, na mimi nikarudia maneno yangu ya chungu. Yule mchimbaji akanisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Dada, sisi hatubishani na chungu. Tunabishana na giza. Kiwekeeni dirisha basi."

Fundi mmoja wa Mbeya alijaribu kuweka kioo kwenye mfuniko, kikapasuka motoni. Tukatafuta kingine, kizito, cha kuhimili moto, kikachelewa mpaka Mama Karasha akaanza kuuliza kama kinaletwa kwa miguu. Muda wote huo alikataza vidonge vya wateja visichomwe uani kwake kwa namna yoyote ile, na biashara ikadorora, na hakumpunguza mwanamke hata mmoja.

Siku chungu cha kioo kilipowashwa, wachimbaji walikaa kukizunguka kama wanaoangalia mpira. Kidonge kikageuka rangi taratibu mbele ya macho yao, na kwenye kioo zebaki ikajikusanya matone matone, ikateleza kwenda kwenye bomba. "Tazama inavyotoka!" mmoja akapiga yowe. Ndipo kwa mara ya kwanza wengi wao walipoona kwamba kitu walichoambiwa kinapaa, kweli kinapaa. Dhahabu ilitoka, ikapimwa, mwenyewe akaridhika. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Karasha alikuwa amekaa mbali kwenye kiroba, mara ya kwanza kumwona akitazama kazi ikifanywa na wengine, na hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliikalia.

Mnunuzi alirudi baada ya ukaguzi mpya. Sekela alinipa chai, akaniambia, "Yale maneno ya siku ile, dada, hayakuwa yangu yote," na mimi nikamwambia yalikuwa ya haki.

Kumshawishi Mama Karasha aende hospitali ilikuwa kazi nyingine. Alisema hana ugonjwa, ana uzee. Alisema akiondoka injini itaharibika. Mwisho wanawake walimfungia nje ya lango, wakamwambia asiporudi na karatasi ya daktari haingii. Nilimpeleka Mbeya mimi mwenyewe. Huko nikagundua kwamba mwanamke huyu aliyekaa juu ya moshi wa zebaki kwa hiari yake alikuwa akiogopa sindano kuliko kitu chochote duniani. Nesi alipotoa bomba la kuchukulia damu, alinishika mkono akaubana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, akasoma dua yote aliyoijua, na akina mama waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la nje wakaitikia amina.

Daktari alizungumza naye kwa upole. Zebaki imo mwilini, alisema. Itapungua polepole akikaa mbali nayo, na mikono inaweza kupata nafuu, ila hawezi kumwahidi kwamba itarudi kama zamani.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi tukila maandazi. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba wateja wanakikataa chungu, wakati nilikuja kwake mara nyingi vile.

"Ulikuwa unakuja kuangalia kama nachoma," akasema. "Hukuuliza kwa nini." Akamega andazi. "Na mimi nisikusingizie. Kelele zote zile nilizonazo, hilo moja sikulisema. Nilidhani nikilibeba mwenyewe litakuwa limekwisha."

Hakurudi kuendesha karasha. Aliwaachia Sekela na wenzake waiendeshe kwa mgao waliokubaliana, akahamia Rujewa kwa bintiye, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Siku ya kuondoka hakutaka kuagwa. Alipanda gari akaanza kumgombeza dereva kwa namna alivyofunga mizigo, na aliendelea kumgombeza mpaka wakakata kona.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa msimu wa mavuno. Nilikuwa natoka Kihesa kumwona mama yangu, narudi Mbeya, nikaiacha barabara kuu nikaingia Rujewa nikiwa na pakiti za majani ya chai ya Mufindi. Malori ya mpunga yalikuwa yamejipanga, pumba zinapepea kila mahali. Nyumba ya bintiye iko mbali kidogo na mashine, na Mama Karasha alikuwa barazani, amekaa mkekani, amejifunga ushungi mweupe. Alikuwa amenenepa kidogo. Mikono ilikuwa imetulia kuliko nilivyoiacha, lakini haikuwa imetulia kabisa. Ilikuwa mapajani ikitikisika taratibu, kama majani upepo unapokaribia kwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Sekela hajambo?"

Nikampa habari zote. Sekela amejifungua mtoto wa kike, mzima. Bibi mlezi yupo. Karasha ya kule chini nayo imeomba chungu cha kioo. Alisikiliza macho yameangalia malori, akitikisa kichwa penye kufurahisha. Bintiye alileta chai, akatuacha, kwa sababu wateja walikuwa wakimwita.

Kisha nikamwambia lililonipeleka. Ofisini walikuwa wanataka kuandaa mafunzo ya makarasha yote, nao wameniomba nikasimulie habari zake.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba uliwakinga watu wako. Kwamba ulibeba sumu ili wao wasiibebe."

"Hapana," akasema. "Usiwaambie hivyo. Watapiga makofi. Halafu kuna bibi mwingine atarudi kwake, atawatoa wasichana nje, na yeye aseme ameshamaliza kuzaa."

Sikuwa nimeliwaza hilo.

"Unajuta, mama?"

"Kwa nini nisijute?" Akainua mikono yake, akaiangalia pande zote mbili. Haikuwa na hina. "Watu wakija hapa wanasema mama wewe shujaa, hujuti. Najuta sana. Nilikuwa nashona vitambaa vya meza, wewe hujui, sikukuonyesha. Siwezi tena kupitisha uzi. Mjukuu wangu akilia, simbebi mpaka nikae chini kwanza na mtu aniwekee. Wale wasichana nawapenda, na sikutaka wapate hata kidogo ya hii. Lakini mimi pia nilikuwa mtu. Mimi pia sikutakiwa kuipata."

"Basi niseme nini?"

"Sema iliuma. Sema haikuwa lazima awepo wa kuivuta. Yule mbishi alipoulizwa alisema dirisha, siku moja tu, basi. Sema hilo. Mimi nitaje, si vibaya, ila usinifanye wimbo."

Nikamwahidi. Akakitazama kikombe chake, kilichojaa mpaka ukingoni, kikifuka mvuke. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Nilijua asivyopenda kusaidiwa, nikajifanya naangalia malori.

"Kiwango," akaniita. "Acha kuangalia magari ya watu. Shika hapa chini."

Nikashika kitako cha kikombe. Yeye akashika juu, kwa mikono yote miwili, na tukakiinua pamoja. Mtetemo wake ukapita mikononi mwangu, mdogo, usiokoma, na chai ikacheza lakini haikumwagika. Akaisogelea kwa midomo, akarudi nyuma.

"Bado ya moto," akasema. "Tungoje."

Tukangoja hivyo hivyo, mikono yetu minne kwenye kikombe kimoja, mpaka ikapoa.